Meno ya Baraza

Baba yangu, Jeilani fundi wa chokaa, alilala miezi saba kwenye baraza ya nyumba aliyonijengea mwenyewe, na mimi binti yake sikujua. Naliandika jambo hili mwanzo kabisa, asije mtu akasema nimelificha mpaka mwisho. Kuficha kumetosha.

Kwetu Lamu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, na mume huja kuishi kwa mkewe. Wakiachana, anayetoka ni mwanamume. Hutoka na mfuko wake wa nguo, tena hutoka kimya, maana heshima yake yote iko katika ule ukimya. Sisi wanawake twajivunia desturi hiyo, na mimi nikiwa wa kwanza. Ila sikuwahi kujiuliza mwanamume huyo, akishatoka, huenda wapi.

Baba alitoka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa mama, nikiwa darasa la sita, akaenda zake kwa mamake. Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, kwa mkewe wa pili, Bi Asmaa wa Langoni, baba akiwa na miaka sitini na tisa. Safari hii mamake alikuwa ameshafariki, nyumba ilikuwa imekwenda kwa dada zake, na binti za dada zake walikuwa wameshaiuza. Basi akaomba kuweka mfuko wake katika stoo ya msikiti, pamoja na mwiko na ndoo zake. Waliompa ufunguo walidhani anasafiri.

Hakuwa mtu wa kuomba, baba. Alizoea kuombwa yeye. Baraza zote kumi na moja za kichochoro chetu zimepita mikononi mwake, zile za kukalia mbele ya nyumba na zile za ndani ya daka, pale penye kivuli mbele ya mlango. Akimaliza baraza hulala juu yake chali, mikono kifuani, kupima kama imenyooka. "Pima maji yaweza kudanganya," akisema, "mgongo wangu haudanganyi." Wapita njia walikuwa wakimtania kwamba ameshakufa, naye alikuwa akifungua jicho moja na kuwaambia wasubiri kidogo.

Mimi nakaa Mombasa, nafanya kazi katika duka la dawa. Nyumba yangu ya Lamu huikodisha kwa wageni kupitia simu, ghorofa ya juu na ya chini, na hata sabule, chumba cha wageni kilicho karibu na daka. Mara moja nilimuuliza, "Baba, sabule nikuwekee wewe?" Akacheka. "Nyumba ni yako. Mimi n'na kwangu." Jibu hilo lilinifurahisha sana, nakiri, kwa kuwa sabule ndiyo inayopendwa na wageni kuliko vyumba vyote. Sikuuliza tena.

Aliyejua ni Bi Tima, jirani wa mlango wa mbele, mpika mahamri. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri alimwona baba akikunja shuka, akipangusa baraza kwa mkono, kisha akiwa wa kwanza kufika msikitini. Watu wakamsifu kwa ucha Mungu. Bi Tima alidhani mimi na baba tumegombana, na kwetu jirani haingilii mambo ya mzazi na mwanawe. Akawa anaacha chupa ya chai kwenye kizingiti chake, kisha akijifanya ameisahau. Naye baba aliinywa, akaisuuza, akairudisha palepale. Miezi saba watu wawili hao walikuwa wakidanganyana kwa adabu.

Mwaka huu waliolala nje wakaongezeka. Wengine walikuja kutafuta kazi bandarini, wengine walikimbia mashamba yao bara. Mambo yakaingia katika kundi la simu la mtaa wetu. Bwana Bakr, mwenyekiti, mwenye nyumba tatu za wageni, aliandika kwamba mji unaharibika na lazima tuulinde. "Hawa si wetu," akaongeza katika ujumbe wa sauti, kwa sauti yake iliyotulia. "Hakuna Mwamu alalaye nde," yaani hakuna mtu wa Lamu alalaye nje. Amina zikamiminika. Bi Tima peke yake ndiye aliyepinga. Alitaka wafunguliwe chumba kilicho tupu pale madrasa, walale, wakoge, waulizwe majina yao. Akajibiwa kwamba ukiwapa chumba leo, mwezi ujao utawapa mtaa mzima.

Shauri la Bwana Bakr lilikuwa jepesi. Kila baraza ipandwe mawe ya matumbawe yenye ncha, yakamatwe kwa chokaa, ili mtu aweze kupita lakini asiweze kujinyoosha. Akayaita meno. Ikaulizwa nani ataifanya kazi hiyo vizuri, isije ikachafua sura ya mji. Mimi nilikuwa wa kwanza kujibu. Niliandika jina la baba, na nikaweka alama ya mikono inayopiga makofi.

Angekataa vipi? Fundi akikataa kazi huulizwa sababu.

Alianzia mdomoni mwa kichochoro akawa anaingia ndani, baraza moja baada ya nyingine. Alichagua mawe kwa saizi, akayapanga kwa mistari, ncha zikielekea juu. Waliokuwa wakilala pale walisogea mbele yake, wakija ndani zaidi, mpaka hawakuwa na pa kusogea wakahamia ufukweni. Bi Tima anasema kufikia baraza ya nne wazee waliozoea kukaa barazani baada ya Alasiri walisimama kidogo, wakatazama pa kukaa, wakaaga. Baraza ya saba ilipokauka hata paka hawakuonekana. Kisha, asubuhi moja, wakaja watu wenye makoti ya kung'aa na boti, wakawakusanya wa ufukweni na kuwavusha hadi Mokowe, ng'ambo ya bara. Ofisi iliyowatuma mpaka leo haijulikani. Katika kundi la simu watu waliandika alhamdulillahi.

Baba alibakiza baraza moja. Ilikuwa yangu.

Siku hizo mgeni aliyekuwa katika nyumba yangu akaniletea malalamiko. Kuna mzee analala nje ya mlango, aliandika, hatusumbui lakini mke wangu anaogopa. Aliambatisha picha ya asubuhi: shuka iliyokunjwa juu ya baraza, na chini yake makubadhi mawili yaliyopangwa sambamba. Niliitazama picha ile kama sekunde mbili. Kilichonishughulisha ni nyota atakazonipa.

Nikampigia baba. "Baba, kuna mtu analala barazani kwangu. Wageni watanikimbia. Muondoe."

Nilisikia mtu akipita na punda, na kengele ya baiskeli.

"Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, mwanangu. Nitamuondoa."

"Na meno uyatie leo leo."

"Leo leo," akasema. "Inshallah."

Aliyatia siku hiyohiyo, tangu asubuhi mpaka Alasiri. Bi Tima alimtazama kutoka mlangoni kwake. Anasema alipomaliza alisimama mbele ya ile baraza muda mrefu, mikono kifuani, kisha akaosha mwiko kwa maji ya ndoo, akaenda kuurudisha msikitini. Chai ya Bi Tima haikuguswa.

Siku tatu simu yake haikupatikana. Nilidhani chaji. Siku ya nne Bi Tima akanipigia.

"Ruba, babako yu wapi?"

"Si yuko kwake?"

"Kwake wapi? Kwake ni barazani mwako. Miezi saba namuona kwa mato yangu haya. Nalidhani mmetetana, nikaona nisitie mkono."

Nilifungua ile picha tena. Makubadhi yale nilimshoneshea mimi mwenyewe Siyu kwa ajili ya Idi, na nilimwambia fundi atie uzi mwekundu ukingoni. Uzi ulikuwa pale. Ulikuwa pale tangu siku ya kwanza, waziwazi, kwenye simu yangu mwenyewe.

Nahodha wa boti ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Wale wenye makoti ya kung'aa walirudi ufukweni mara ya pili, wakamkuta baba kati ya watu wanane. Walimuuliza, "Mzee, una nyumba mjini hapa?" Nahodha akadakia kwamba huyu ni fundi Jeilani, mtu wa hapa, msimguse. Baba akamwekea mkono begani kumnyamazisha. "Sina," akasema. Akashuka ngazi za gati mwenyewe, akakaa mwisho wa boti. Kule Mokowe alimshukuru nahodha, akafuata barabara kwa miguu. Ni miezi mitatu sasa. Nimeuliza Faza, nimeuliza Kipungani, nimebandika picha yake kwenye vituo vya basi mpaka Malindi. Bwana Bakr amenipa pole katika kundi, na watu wameweka amina.

Nimeacha kukodisha. Sabule iko wazi, kitanda kimetandikwa. Wiki iliyopita nilimleta fundi kutoka Siyu ayang'oe yale meno barazani kwangu, maana sitaki baba arudi ayakute. Aligonga kwa patasi asubuhi nzima. Ncha zilivunjika, mashina hayakutikisika. Akapitisha kidole kwenye chokaa, akatikisa kichwa.

"Haya hayatoki, Bi Ruba. Mpaka tuvunje baraza nzima," akasema. "Aliyeifanya kazi hii alikuwa fundi kweli. Ni nani?"