Matairi ya Kwenda Bweni

Mama yangu alipaka mafuta ya nazi kila kitu alichokipenda. Sisi watoto alitupaka miguu kila asubuhi kabla ya shule, vumbi la kijiji chetu cha Kanga likapata pa kukaa. Alipaka mlango wa mbele, alipaka cherehani, alipaka hata mpini wa jembe. Kwake yeye kitu kisichong'aa kilikuwa kitu kisicho na mwenyewe. Tukimcheka alisema, "Chekeni tu. Mtu hutazamwa kuanzia chini."

Nalisema hili mapema ili mtu asije akamlaumu huko mbele.

Mimi ni mwalimu. Nilipopangiwa shule ya mbali na nyumbani nilinunua pikipiki, na watu wa Kanga walisema mpaka wakachoka. Mwanamke, tena mwalimu, tena binti wa watu wanaoheshimika, amepanda chombo kama vijana wa bodaboda! Wengine niliwajibu, maana ulimi sikunyimwa. Wengine niliwapita tu, nikawaachia vumbi. Ukweli ni kwamba nilikipenda kile chombo kuliko ilivyonipasa. Siku za mapumziko nilijitafutia safari: nilikwenda mjini Kilindoni kununua chaki ambazo shuleni zilikuwepo, kisha nikaendelea Utende bila sababu yoyote, kwa raha ya lami tu.

Katika kuzunguka huko ndiko nilikojifunza matairi. Lami ni tamu lakini inalila tairi katikati. Meno ya kati yanalala, ya pembeni yanabaki yamesimama, na siku ukilaza pikipiki kwenye kona unahisi imekanyaga ukingo. Mawe ya matumbawe hayali, yanachana. Mchanga wa njia ya kaskazini nao una adabu zake: unapunguza upepo kidogo ili tairi lijitandaze, hugusi breki ya mbele, na hubishani na usukani. Kila Ijumaa niliinama nikapitisha kidole gumba katikati ya meno ya tairi la nyuma kuona limebaki kiasi gani. Mama alikuwa akinitazama kutoka barazani huku anakuna nazi.

"Unalipima homa?" aliniuliza siku moja.

"Naangalia kama litanirudisha nyumbani, mama."

Hakucheka. Yeye pikipiki alikuwa ameikataa kabisa. Alikwisha kuapa kwamba mguu wake hautavuka tanki la petroli maishani mwake.

Kiapo hicho kingekuwa kichekesho kama isingekuwa Bweni, kijiji cha mwisho kaskazini mwa kisiwa. Huko alikaa dada yake mkubwa, mama mkubwa wangu, ambaye ndiye aliyemlea baada ya bibi yetu kufariki. Ndiye aliyemsuka, ndiye aliyemfunza kupika, ndiye aliyemtoa siku ya harusi. Magari ya kwenda huko ni ya kubahatisha, na mama akipanda gari hutapika tangu linapowashwa. Kwa hiyo miaka ilikwenda, dada huyu Kanga na dada yule Bweni, wakipelekeana salamu na vikapu vya muhogo kupitia watu wengine. Kisiwa chenyewe hiki si kikubwa. Ilikuwa aibu.

Ndipo ikaja salamu ya aina nyingine. Mama mkubwa alikuwa anapoteza macho. Alimtuma mjukuu wake aseme hivi: "Mwambie mdogo wangu aje nimwone uso kabla sijafungwa giza. Akichelewa atakuja kuonwa kwa mikono."

Mama alisikiliza, akaendelea kukuna nazi mpaka akakikuna na kidole chake. Jioni alinijia akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida, "Hicho chombo chako, mtu anakaa vipi?"

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Tairi langu la nyuma lilikuwa karibu kuwa kipara, na nisingempakia mama juu ya kipara. Nilikwenda Kilindoni nikafungiwa matairi mapya mawili, yenye meno marefu. Fundi alinionya kwamba tairi jipya lina utelezi wake, niende nalo taratibu siku za mwanzo mpaka ngozi ya juu itoke. Nilimtii. Nilikwenda nalo shule na kurudi wiki nzima kwenye tope na mchanga mpaka likakwaruzika vizuri, likashika. Siku ya safari nilikuwa na uhakika na matairi yale kama ninavyokuwa na uhakika na kibla.

Asubuhi hiyo mama alivaa suruali ya marehemu baba ndani ya baibui, baada ya ubishi mrefu. Alitaka kukaa upande kama bibi harusi. Nilimwambia akikaa upande atafika Bweni nusu. Akapiga bismillahi, akapanda, akanishika kiuno kwa nguvu zote.

Hatukufika mbali. Hapo kwetu, kabla ya duka, kuna kalvati lililomwagiwa zege, na njia inakata kona juu yake. Nimelipita mara nisizoweza kuhesabu. Nilipoinamisha pikipiki kidogo tu, tairi la nyuma likaondoka. Halikuserereka kwa kuonya, liliondoka moja kwa moja kama mtu aliyevutiwa mkeka. Nilimsikia mama anasema "Yaillahi!" na sote tukawa chini, mimi kwenye zege, yeye kwenye majani.

Alhamdulillahi, kwenda kwetu kulikuwa kwa mwendo wa kobe. Mama alichubuka kiwiko, mimi goti. Lakini tulianguka mbele ya duka, na dukani alikuwepo baba mdogo pamoja na kila mtu aliyewahi kunisema.

Walitunyanyua, wakatusindikiza nyumbani, wakaingia uani wote. Baba mdogo alianza polepole, kisha akapata moto.

"Nilisema mimi. Chombo hiki si cha mwanamke. Leo Mungu katustiri, kesho tutashona sanda. Kiuzwe."

Siku nyingine ningempa jibu ambalo angelala nalo. Siku hiyo nilikaa kwenye kizingiti nikitazama kiwiko cha mama, na nilichokiona moyoni ni kwamba sikuwa dereva, nilikuwa mtu mwenye majivuno tu. Nilikuwa nimerudia ile kona kichwani, na sikuona kosa langu, jambo lililonitisha zaidi, maana kosa usiloliona utalirudia. Nilimwambia mama, "Basi. Mimi sikupakii tena. Tutatafuta gari."

Wote tulijua gari maana yake nini. Maana yake ni kwamba mama mkubwa atamwona mdogo wake kwa mikono.

Mama alikuwa anafutwa kiwiko na jirani. Akamwondoa mkono.

"Pikipiki haiuzwi," alisema. "Na mtoto hana kosa. Mimi niliyapaka mafuta."

"Ulipaka nini, shemeji?" aliuliza baba mdogo.

"Matairi. Alipoingia kuswali nikayaosha, nikayapaka mafuta ya nazi. Yalikuwa na tope mpaka huku. Mlitaka niende kwa dada yangu na magurudumu yamepauka kama miguu ya yatima?"

Nikainuka, nikaenda kwenye pikipiki, nikapitisha kidole gumba. Kilitoka kinanukia nazi. Hakuwa amepaka pembeni tu, alikuwa ameingiza mafuta katikati ya kila jino, kwa utulivu na mapenzi, kama alivyokuwa akitupaka sisi katikati ya vidole.

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilikasirika mpaka masikio yakanipwita. Na papo hapo nikamwona jinsi alivyokaa, mwanamke anayeona haya hata kuulizwa umri wake, na amejianika mbele ya watu wote hawa ili nisiache kupanda pikipiki. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu ambaye angejua, mchanga ungefuta kila kitu kufika jioni.

Baba mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akakaa chini akashika mbavu. "Shemeji! Tairi! Mafuta ya nazi!" Ua wote ukafuata, na mama mwenyewe akajificha uso kwa ushungi, mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi zinanitoka.

Kisha mama akasimama. "Mmemaliza? Leteni sabuni."

Tuliyasugua matairi yale kwa sabuni ya unga, mchanga na makumbi ya nazi, kama watu wanavyosugua sufuria la pilau baada ya shughuli. Baba mdogo alikunja kanzu akashika la mbele. Nilirudi peke yangu hadi kwenye kalvati, nikalipita, nikageuka, nikalipita tena. Tairi lilishika. Mama alikuwa ananisubiri ng'ambo ya pili, baibui limechanika kiwikoni.

Njia ya Bweni siku ile ilikuwa mchanga mtupu katikati ya minazi, na mizizi inayokuja bila hodi. Nilipunguza upepo, nikakaa ndani ya mfuo wa magari. Nyuma yangu mama alisoma kila dua aliyoijua. Zilipomwishia akaanza upya. Halafu, mahali fulani, akaacha kusoma na kuanza kuuliza. Lile shamba si ndilo la fulani? Ule mkwaju bado upo? Mikono yake ilikuwa imelegea kiunoni mwangu, sasa imeshika tu kama mtu aliyekaa na mwanawe. Sijawahi kuendesha kwa furaha kama ile, kabla wala baadaye.

Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni. "Shikamoo, dada," mama alisema. "Marahaba," alijibu yule mzee, kisha akamshika mashavu akamvuta karibu kabisa, pua kwa pua, akamgeuza kwenye mwanga, huku na huku. Alimtazama muda mrefu. "Umezeeka vibaya," akasema, na wote wawili wakaangua kilio.

Baadaye alitaka kukijua kilichomleta mdogo wake. Tulimshika mkono mpaka kwenye pikipiki, akapapasa siti, akapapasa tanki, akashuka mpaka kwenye tairi la nyuma. Akalisugua kwa kiganja, akakunja uso.

"Mbona mmelileta kavu hivi?" aliuliza. "Kwenu hakuna mafuta?"

Tangu hapo kila wiki mama alikuwa na neno la kumwambia dada yake lisilowezekana kupelekwa na mtu mwingine. Macho ya mama mkubwa yalifungwa kabisa, na bado tulikwenda. Njia ile, na watu wawili juu ya upepo mdogo, iliyala matairi yetu. Fundi wa Kilindoni aliniuliza nawapeleka wapi abiria, maana hata vijana wa bodaboda hawamalizi tairi la nyuma upesi namna hii. Nilimwambia nina abiria mmoja. Kila tulipotaka kuondoka mama aliinama mwenyewe na kumbi lake, akasugua tairi lisilo na doa, kisha akapitisha kidole gumba katikati ya meno kama alivyoniona nikifanya. Likikaribia kipara alikuwa ananiambia yeye.

Mama mkubwa alifariki mwaka jana, kabla ya mfungo. Tulimzika, tukarudi, na pikipiki ikarudi kuwa chombo cha kwenda shule, nayo shule wakati huo nilikuwa nimehamishiwa ya karibu.

Ijumaa moja hivi karibuni nilikuwa nafua uani. Mama alitoka, akaiendea pikipiki, akainama kwa tabu, akaingiza kidole gumba.

"Hili la lini?" aliuliza.

"La siku nyingi, mama. Tulilifunga kabla ya msiba."

"Mbona lina meno yote?"

Hatukuwa tumekwenda Bweni tangu mazishi, na hilo yeye mwenyewe alilijua. Alifuta kidole kwenye khanga, akaingia ndani. Nilifikiri amekwenda kulia, nikamwachia nafasi. Alitoka amevaa suruali ya baba ndani ya baibui, kofia ngumu juu ya ushungi, kumbi mkononi.

"Kaburi lipo na wajukuu wapo," alisema. "Twende tukalimalize hilo tairi."

Nikaacha nguo kwenye beseni, nikainama, nikapunguza upepo.