Wiki Tano za Kupoza Mashine

Mtaani walimwita Fundi Baridi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwa mahubiri yake. Ukimpelekea kompyuta iliyozimika, hata kama umeimwagia chai wewe mwenyewe na chai bado inanukia, atakusikiliza mpaka mwisho, atatikisa kichwa, kisha atakwambia kwamba kinachoua mashine ni joto. Prosesa ndiyo inayofikiri, atasema, na anayefikiri sana huchemka kichwa. Usipoipoza itajizima, na siku moja haitawaka tena. Wateja wa zamani walikuwa wakimmalizia sentensi. Kibanda chake kilibanwa katikati ya duka la viatu na jamaa wa kuchapa fulana, na humo kwa miaka ishirini na miwili alifungua kompyuta za watu, akatoa vumbi kwa brashi ya rangi, akabadilisha feni, akafunga.

Hakuwa mtu wa kulipua kazi. Angeweza kukurudishia mashine siku tatu baada ya ahadi, lakini ikirudi imerudi. Watu walimsifu kwa hilo, na hilo hilo ndilo lililomponza.

Mkewe alifundisha chekechea, na mtaa mzima, mkubwa kwa mdogo, ulimwita Mwalimu. Hata mumewe alimwita hivyo, naye akamwita Fundi, ungedhani wamekutana kazini asubuhi ile. Mwalimu alijaliwa sauti. Hakuwa mwimbaji, alikuwa msimuliaji. Watoto wa miaka minne, wale waliowashinda hata mama zao wenyewe, walikaa mbele yake midomo wazi huku yeye akiwa kuku, akiwa mkulima, akiwa mlango unaolia kwa kukosa mafuta. Fundi alikuwa na tabia ya kufunga kibanda mapema kidogo na kupitia shuleni, akasimama nje ya dirisha kusikiliza mwisho wa hadithi anayoijua. Akiulizwa, alisema amekuja kumsaidia kubeba mkoba.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Wakasema ni chaki. Akalamba asali, akafunga kitambaa shingoni, akapunguza kusema, na miezi sita ikapita hivyo, maana mwalimu gani anakwenda hospitali kwa sababu ya kukauka koo? Alipokwenda, daktari hakuzunguka mbuyu. Ni saratani, akasema, imekaa kwenye kisanduku cha sauti, na dawa yake ni kukitoa chote. Akijaliwa atapona, ila hatasema tena. Upasuaji ukapangiwa tarehe, wiki tano mbele.

Wiki ile ile, binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali, alipiga simu kusema ana mimba. Ilikuwa ya kwanza. Mwalimu alikaa na habari hizo mbili siku nzima, na jioni alikuwa na ombi moja.

“Fundi, nataka mjukuu wangu anisikie. Nitasimulia hadithi zangu zote, wewe uziweke kwenye mashine. Tuna wiki tano.”

Fundi alifurahi kwa namna ambayo mtu hufurahi akipewa jembe baada ya kukaa msibani bila la kufanya. Jioni ile ile aliweka maikrofoni mezani sebuleni, karibu na kompyuta yao ya nyumbani, na Mwalimu akasimulia hadithi nzima. Walipoisikiliza, Mwalimu alisema ni nzuri. Fundi hakumsikia Mwalimu kabisa. Alisikia feni. Ilikuwa feni ndogo, ile inayokuja na mashine, inayokimbia kama imefukuzwa, na mlio wake ulikuwa umelala chini ya kila neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Akasema hii haifai, akaifuta.

Mwalimu akamwambia si watumie simu tu. Fundi akakataa katakata. Simu, alisema, humfanya mtu asikike kama ameingiza kichwa kwenye ndoo. Mjukuu wao hatapewa bibi wa kwenye ndoo. Atatafuta njia ya kuipoza ile prosesa bila kelele, siku mbili tatu tu, kisha watarekodi kazi safi.

Wiki ya kwanza ilikwenda kwa kubadilisha feni, moja baada ya nyingine. Wiki ya pili akaleta upozaji wa maji, pampu na mipira miwili na rejeta ndogo mfano wa ile ya gari, alivyovitoa kwenye mashine ya mteja aliyehama. Joto lilishuka ajabu. Lakini pampu iliguna, na mapovu yalipita kwenye mipira kama tumbo la mtu aliyekosa chakula cha mchana, na Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka kicheko kikaisha. Wiki ya tatu akaondoa feni zote, akaweka bamba zito la alumini peke yake. Kimya kilikuwa kitamu. Ila sebule yao ilipigwa na jua la mchana, na nusu saa haikufika prosesa ilikuwa imegonga nyuzi tisini, mashine ikawa inajikokota.

Yote hayo aliyaandika daftarini: saa, nyuzi, kiasi cha kelele. Na hapa ndipo roho huniuma nikiyasimulia. Ili kupima kelele ya feni, ilimlazimu arekodi sebule ikiwa haina mtu anayesema. Kila jaribio lilitaka dakika moja ya kimya, na majaribio yalikuwa matatu, manne kwa jioni. Kwa hiyo jioni baada ya jioni alimwomba mkewe anyamaze. Mwanamke aliyebakiwa na siku za kuhesabika za kusema, alikaa kitini mikono mapajani, mdomo ameufunga, akimsubiri mumewe asikilize feni.

“Nimewanyamazisha watoto wa watu miaka thelathini,” alimtania siku moja. “Leo zamu yangu.”

Binti yao alipopiga simu akaambiwa bado hakuna hata hadithi moja iliyowekwa, alikasirika, akataka aongee na baba yake. Mwalimu alimzuia. Alikwenda nayo jikoni ile simu, akamweleza mwanawe kwa sauti ambayo tayari ilikuwa imebaki nusu. Baba yako, alimwambia, hajathubutu kuigusa ile karatasi ya hospitali yenye tarehe ya upasuaji hata mara moja. “Mwache. Hiki ndicho anachoweza kutengeneza.”

Jibu alikuwa nalo muda wote. Bamba refu la alumini lenye vibomba vya shaba, na feni moja pana inayozunguka polepole. Feni kubwa ikizunguka taratibu husukuma hewa ile ile ambayo ndogo huisukuma kwa makelele. Mteja yeyote angemwuliza, angeambiwa hivyo kabla hajaketi. Lakini kwa mkewe jibu la kila siku alikuwa ameliona dogo, akataka kumtafutia kubwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na wiki ya nne ilipofika kati ndipo Fundi aliporudi kwenye lile la kila siku.

Alhamisi jioni aliifunga. Alipaka pesti, ile krimu ya kijivu ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bamba, akakaza skrubu nne, akawasha. Ikabidi aweke sikio kwenye sanduku kujua kama imewaka kweli. Akamwita Mwalimu.

Mwalimu alikunywa maji ya vuguvugu, akakaa, akaanza na hadithi ya kuku aliyegoma kutaga. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ilikuwa yake. Kuku alikuwa kuku, mkulima alikuwa mkulima, na mlango ulilia vizuri kuliko zamani. Fundi alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo. Dakika ya tisa, kuku akiwa juu ya paa anatoa masharti yake, kompyuta ikajizima, na vile hadithi ilikuwa bado haijahifadhiwa, ikaondoka nayo.

Aligusa bamba. Lilikuwa baridi kabisa, na hilo likamtisha kuliko kama lingekuwa moto, maana joto lilikuwa limebaki kwenye prosesa, halikupanda. Asubuhi alifungua skrubu nne. Chini ya bamba, katikati yake na prosesa, kulikuwa na ile nailoni nyembamba ya kiwandani, imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba iondolewe kabla ya kufunga. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Fundi alikuwa amezibandua nailoni hizo kwenye mashine za wateja kwa miaka yote hiyo, akacheka, akawasimulia wenzake. Safari hii aliibandua akaenda kumwonyesha mkewe, na mkewe alicheka bila sauti, mabega tu. Kule kusimulia kulikuwa kumemchosha. Akanong'ona kwamba apumzike siku mbili. Jumapili atakuwa na sauti.

Jumamosi saa mbili asubuhi hospitali ikapiga. Mgonjwa wa Jumatatu hataweza kufanyiwa upasuaji, nafasi yake iko wazi, na daktari ameangalia upya picha za Mwalimu: uvimbe huo usingoje siku kumi zilizobaki. Aje leo, kabla ya saa sita, aandaliwe. Fundi alisimama na simu mkononi akimwangalia mkewe. Alitaka kusema tukae kidogo, hadithi moja tu. Mwalimu alifungua kinywa kumjibu, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu. Akaenda kufungasha nguo.

Maneno yake ya mwisho aliyatoa Jumatatu, kwa mnong'ono, akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Alimwuliza mumewe kama amekumbuka kufunga gesi.

Alipona. Hilo tulishukuru, na Fundi alishukuru kuliko wote. Mwalimu alirudi nyumbani na tundu shingoni, na daftari la mistari ambalo hakuachana nalo, humo akaandika kila alichotaka kwa mwandiko ule wa ubaoni, mkubwa na wa duara. Shuleni walimfanyia sherehe ya kumuaga. Watoto walimwuliza kwa nini hasemi, na yeye akawachorea kuku.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na kwa Fundi Baridi vilikuja vyote viwili kwa pamoja. Binti alimleta alipofikisha miezi miwili, na siku ya pili alimwambia baba yake, kwa upole, awaonyeshe alichonacho. Fundi akamweleza yote, mpaka nailoni. Binti, ambaye kazi yake ni kushona nguo na hajawahi kufungua kompyuta maishani, alifikiri kidogo.

“Lakini baba, si ungeiweka mashine chumbani, ukavuta waya wa maikrofoni mpaka huku?”

Fundi akautazama waya wa maikrofoni. Kibandani kwake kulikuwa na waya wa kutosha kuzunguka nyumba. Miaka ishirini na miwili ya kupambana na joto ilimfunza kwamba mashine ikisumbua unaifungua. Kuihamisha hakukumjia akilini hata siku moja. Alikaa ameinama, na binti akajuta kusema.

Kisha Fundi akaiwasha ile mashine isiyo na kelele, maana aliona hana haki ya kuwaficha kitu. Kulikuwa na rekodi arobaini na moja, zote za feni, zote za dakika moja, na hakuwahi kuzisikiliza tangu siku ile ya hospitali. Alizipiga moja moja. Mvumo, mvumo, mvumo. Mwalimu alikaa pembeni, mjukuu mapajani. Kwenye ya ishirini na saba pampu ya maji iliguna, mapovu yakapita, na katikati ya mapovu sauti ya mwanamke ikauliza, wazi kabisa, bila mkwaruzo mwingi, “Naweza kusema sasa?”

Na sauti ya mwanamume ikajibu, “Bado.”

Basi. Baada ya hapo ilikuwa pampu mpaka dakika ilipokatika. Binti aliweka mkono mdomoni. Fundi alilia mbele ya mwanawe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema hata hicho kidogo atakitengeneza. Atalikata lile jibu lake, mtoto abaki na sauti ya bibi yake peke yake. Akafungua programu, akaanza kulitafuta neno lenyewe kwenye mistari ya sauti.

Mwalimu alimpa binti mtoto. Akachukua daftari, akaandika, akaliweka juu ya mkono wa mumewe ulioshika kipanya.

“Usikate. Atadhani nilikuwa naongea peke yangu.”

Fundi akasoma mara mbili. Akaifunga ile programu, akaipiga rekodi tena tangu mwanzo.