Jirani wa Bibi na Sufuria ya Maharage

Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma, kwenye mgahawa unaotazama foleni ya malori ya kuvuka mpaka. Nimeagiza wali na dagaa, zile ambazo wenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia, wanaziita kapenta, na njaa nilikuwa nayo ya kweli. Ndipo kwenye televisheni iliyofungwa juu ya friji ya soda akatokea bibi yangu.

Amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, anatazama mbali. Chini ya sura yake wameandika "Manusura wa Vita vya Kagera". Muziki wa kinanda ukaanza kulia, ule unaokuambia ulie sasa hivi. Kijiko nikakirudisha kwenye sahani.

"Huyu bibi huwa ananiliza kila mwaka," akasema dereva wa lori aliyekaa meza ya jirani.

"Ni bibi yangu," nikamwambia.

"Acha fiksi, dada."

Mhudumu akapita, akaniangalia usoni. "Dagaa zina mchanga? Mbona umekunja uso hivyo?" Nikamwambia hazina. Nililipa, nikaondoka, nikaacha sahani imejaa. Kinyaa kilichonishika hakikuwa cha chakula.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana wewe nawe pengine umeiona filamu ile na ukatoa machozi. Sikulaumu. Imetengenezwa ili utoe machozi. Mimi ninachotaka kukusimulia ni kile nilichokisikia mwenyewe kabla kamera haijafika nyumbani kwetu.

Nilikulia kwa bibi, kata ya Ruanda huko Mbozi, kwenye kahawa. Msimu wa kahawa kwetu ndio msimu wa baridi, ile baridi ya asubuhi inayokufanya uone pumzi yako ikitoka kama moshi. Uani kulikuwa na mashine ya kukoboa ya kuzungusha kwa mkono, ikikwaruza tangu jua halijapanda, na maganda yakirundikana nyuma ya nyumba, yananuka uchachu mtamu unaoganda kwenye nguo. Harufu ile hata leo nikikutana nayo njiani nasimama. Kahawa ikioshwa inaanikwa kwenye vichanja, na ikikauka inakuja kazi ya wanawake na watoto: kuchambua. Tunakaa kwenye mkeka, kila mtu na ungo wake, tunatoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizopauka. Nzuri zinadondoka kwenye debe, tik, tik, tik. Pembeni kuna viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi yenye tangawizi.

Ni hapo tu bibi aliposimulia vita. Hakuisimulia jikoni, kanisani, wala kwa mgeni aliyekaa sebuleni. Ukimuuliza akiwa amepumzika anakujibu, "Habari ile naisemea kwenye kahawa," na mazungumzo yanaishia hapo. Macho yakiwa kwenye ungo, vidole vikitembea, maneno yalimtoka taratibu, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyiha, kila tukio mahali pake. Nadhani alihitaji kitu cha kutazama ambacho si nyuso zetu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Babu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la miwa huko Kagera, na bibi, bado msichana, alimfuata na mtoto wao wa kwanza, ambaye ni shangazi yangu. Waliishi nyumba za wafanyakazi. Ukuta kwa ukuta nao aliishi mwanamke mwenyeji wa huko, mcheshi, mgomvi, ambaye alinuniana na bibi juu ya kamba ya kuanikia nguo hadi siku moja akamletea ndizi za kupika, akamwambia, "Kula, nikikuchukia uwe na nguvu za kunijibu." Tangu hapo wakawa ndugu.

Siku ya shambulio babu alikuwa Bukoba kufuata vipuri. Bibi alisikia mishindo, akadhani wanapasua mawe ya barabara. Jirani naye alidhani hivyo hivyo, akaendelea kuchochea maharage yake. Hawakuambiwa na mtu. Waliona tu watu wakipita mbio, wengine wamebeba vitu visivyo na maana: mmoja mlango, mwingine saa ya ukutani. Bibi akamfunga mtoto mgongoni, akanyakua redio ya babu. Jirani akaipua sufuria ya maharage, ingali inatokota, akajitwika kichwani juu ya kata ya kanga. Hapa sisi watoto tulicheka kila mara. Bibi naye alicheka.

Wakafika mtoni. Kulikuwa na mtu na mtumbwi, na mtu yule alikuwa anatazama kila mmoja amebeba nini. Akaitaka redio. Bibi akampa. Akamwambia, "Tuko wawili, huyu ni dada yangu." Yule mtu akafunua sufuria, akacheka, akasema, "Maharage nitayafanyia nini? Redio moja, mama mmoja." Bibi akabembeleza. Jirani ndiye aliyemsukuma apande. Akamwambia, "Nenda, nakuja na mtumbwi unaofuata. Mwambie shemeji chakula kiko njiani."

Vidole vya bibi vilisimama hapo. Kahawa iliacha kudondoka. Kisha alikuwa akisema, kila mwaka maneno yale yale: "Na mimi nikapanda. Adui sikumwona hata sura. Niliyemwona ni yule wa mtumbwi." Na kazi ikaendelea. Jirani hakuonekana tena. Vita vilipokwisha bibi alirudi kumtafuta, akaikuta nyumba haina hata mabati.

Hiyo ndiyo habari. Sasa tuje kwa watu wa kamera.

Walikuja kutoka Dar es Salaam nikiwa darasa la tano, wameletwa na mwalimu mkuu aliyewaambia kijijini kwetu kuna bibi aliyenusurika. Walikuwa watu wa adabu, hilo nalisema. Walimwamkia vizuri, wakala kuku wetu, wakasifu hali ya hewa. Kisha mtangazaji, kijana mwenye sauti nene, akasema nyungo ziondolewe, maana mlio wa kahawa unaingia kwenye sauti. Bibi akauliza, "Sasa mikono nitaiweka wapi?" Wakacheka, wakamwambia aiweke mapajani. Wakamwomba avue sweta jipya avae kanga iliyochakaa. Akavaa. Angefanya nini? Wageni.

Akakaa pale kama mshtakiwa. Maneno hayakuja. Mtangazaji akaanza kumsaidia.

"Bibi, adui ulimwona?"

"Sikumwona, mwanangu."

"Lakini ulimsikia."

"Nilisikia mishindo. Nikadhani wanapasua mawe."

"Hiyo ya mawe tuiache. Sema: nilimsikia adui."

Akasema. Alipofika mtoni akamtaja jirani na sufuria yake, na yule kijana akainua kiganja. "Bibi, huyu jirani atawachanganya watazamaji. Tubaki na wewe na mtoto. Na huyu mwenye mtumbwi alikuvusha, au siyo?"

"Alichukua redio."

"Ndiyo, bibi yangu, lakini alikuvusha?"

Bibi akaikunja pindo la kanga mapajani. "Alinivusha."

"Hapo hapo! Sasa rudia, ukitazama kule milimani. Pole pole. Ukisikia uchungu, usijizuie."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona bibi akitazama milima kama aliyeambiwa atafute ng'ombe aliyepotea. Machozi yalimtoka. Kwa nini, sijui. Pengine kwa aibu. Walifurahi sana, yule wa kamera akamnyooshea mtangazaji dole gumba.

Iliporushwa, tulijazana dukani kwa jirani yetu mwenye jenereta. Wakati ule tulipiga makofi. Mizinga inalia ambayo bibi alidhani ni mawe yanapasuliwa, wanajeshi wanakimbia ambao bibi hakuwaona, na msimulizi anamsifu "mvuvi mzalendo aliyehatarisha maisha yake kumvusha mama na mwanawe." Redio haimo. Sufuria haimo. Bibi alitazama hadi mwisho, akasema tu, "Wamenifanya mzee sana."

Ningekuwa nimeyasahau yote kama yangeishia kwenye televisheni. Lakini shule ikaanza kumwalika kila sikukuu ya kitaifa, na mwalimu mkuu akimkumbusha, "Bibi, isimulie kama ile ya kwenye filamu, watoto wanaipenda." Akaisimulia, akiwa amekaa kwenye kiti, mbele ya kipaza sauti. Mara nyingi. Mimi nikaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, nikajifunza kushuku vitabu na hotuba, na muda wote huo sikuwahi kufikiri kwamba kinachopaswa kulindwa kiko uani kwetu.

Kwa hiyo siku ile nilitoka Tunduma moja kwa moja, nikashuka Nanyala, nikamalizia kwa bodaboda. Nilimkuta bibi anaota jua. Macho yamefifia, akili inakwenda na kurudi, lakini sauti ni ile ile. Mibuni mingi imeng'olewa, shangazi amepanda parachichi. Nikasalimia, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwomba anisimulie Kagera.

Akainua uso kuelekea milimani. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Akamsikia adui. Akaviona vifaru. Akamsifu yule mvuvi, akamwombea kwa Mungu ampumzishe pema, na palepale palipotakiwa machozi, machozi yakatoka.

"Na jirani yako, bibi?" nikamuuliza. "Yule wa sufuria ya maharage?"

"Jirani yupi, mwanangu?"

"Mliyenuniana naye kwa kamba ya nguo. Mliyekimbia naye."

Akafikiri, kwa kweli nilimwona akifikiri. "Nilikuwa na mtoto tu," akasema.

Shangazi akatoka ndani na bakuli la uji wa ulezi. "We msomi, usimchoshe mama. Mimi nilivushwa na yule mvuvi, Tanzania nzima inajua." Alisema kwa fahari, mwanamke mzima, akimpulizia mama yake uji.

Sikubishana naye. Nilitoka nyuma ya nyumba nikatema mate.

Watu wale walikuja kukusanya kumbukumbu, ndivyo walivyosema, ili zisipotee. Walimkuta mwanamke mmoja ambaye hakuwa na kaburi, picha, wala jina kwenye orodha ya mashujaa, aliyekuwa akiishi mahali pamoja tu duniani, katika kinywa cha rafiki yake. Wakamtoa humo kwa sababu angewachanganya watazamaji. Kama alikuwa na watoto, sijui. Bibi alikuwa akimtaja kwa jina, lakini sisi tulikuwa tunacheka kuhusu maharage, na jina sikulishika.

Nimebaki na maneno ya yule jirani tu, kwamba chakula kiko njiani. Na kwa kuwa nimejizoeza kushuku kila kitu, kuna usiku najiuliza kama hata hayo aliyasema kweli. Wa kumuuliza nilikuwa naye, tumekaa uani mchana kweupe, akanijibu kwamba alikuwa na mtoto tu.