Nafasi ya Kidole Kando ya Ukuta

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, enzi za kuvaa kaptula moja wiki nzima, nge alimuuma dada yangu kule Mgori. Mama hakumtafuta nge. Alipiga magoti akapapasa pale sakafu inapokutana na ukuta, akakuta ufa niliouacha mimi nilipotumwa kusiriba kwa udongo na samadi. Alinitazama tu. Tangu hapo nilijua sakafu ya mtu mwenye akili imeshikana na ukuta, hapapiti hata unyasi. Dada alipona, yuko Kintinku na wajukuu wasumbufu kuliko nge mwenyewe. Lakini sikushika kalamu kwa ajili yake. Mimi niliishia darasa la tatu, nikipotea njia univumilie.

Nilipokuwa kijana biashara zikafunguliwa, maduka yakajaa vitu tusivyojua majina yake. Mzee Njiku, mwenye hoteli pale njia panda ya Mkiwa, akaagiza kutoka Dar mbao nyembamba za kiwandani, zile za laminate. Zinang'aa, zina mishipa kama mti wa kweli, na unazilaza juu ya sementi bila msumari hata mmoja. Alilaza chache chini nizione, nikavua viatu kabla ya kuzikanyaga. Mzee Njiku naye akavua, ndani mwake mwenyewe.

Sasa uelewe shida yangu. Nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yake, Nyamwi, na jibu lilikuwa halijatoka. Mzee aliniambia, "Njoo umsaidie fundi. Nataka kuona mikono yako kwanza."

Fundi alikuwa Mzee Rajabu wa Itigi, seremala aliyezeekea kwenye mabehewa ya reli. Alipanga mbao sebule nzima ya Mzee Njiku, akaacha nafasi ya unene wa kidole kuzunguka kuta zote, akaishikilia kwa vikabari, vipande vya mti vya kubania. Siku ya tatu akaitwa msibani kwao.

"Nikirudi tutapiga skatingi," akasema, yaani ule ubao mwembamba wa kufunika ukingo. "Nafasi hiyo usiiguse."

"Sawa, fundi."

Akaondoka, nikabaki naitazama ile nafasi, nikamwona mama yangu kapiga magoti. Nikasema huyu fundi kachoka macho. Nikachomoa vikabari, nikakoroga sementi, nikaziba pande zote, nikalainisha kwa mgongo wa kijiko. Mzee Njiku akaja akacheka, "Hapo sasa. Hata sisimizi ataomba ruhusa." Moyoni nikajiona nimeshaoa.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Asubuhi moja mlango wa sebule ukagoma kufunguka, mzee yuko ndani anavuta. Nilipita dirishani. Mwanangu, sakafu ilikuwa imeinuka. Katikati ya chumba mbao zimepanda kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, meza imeegemea ukuta. Ukikanyaga inashuka, ukitoa mguu inarudi. Mzee Njiku, mtu wa maneno mengi, alininong'oneza, "Kuna nini humo chini?" Nikalala kifudifudi, nikatega sikio kwenye mbao.

Mzee Rajabu akafika mchana. Akachuchumaa, akakwaruza sementi yangu kwa ukucha, akanitazama mara moja.

"Hamna kitu humo chini," akasema. "Mbao hizi zinavuta unyevu, zinapanuka. Zikikosa pa kwenda kando, zinakwenda juu."

"Nani alikuambia uzibe?" Mzee Njiku akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Nyamwi alikuwa kasimama dirishani na birika la chai. Nikaufunga.

"Nilimwagiza mimi," akasema fundi.

"Wewe? Na mvi zote hizo?"

"Ndiyo, hizo hizo, mzee mwenzangu."

"Basi maliza, kisha hapa usirudi. Na ile nyumba ya mdogo wangu uliyoahidiwa kuipiga sakafu, nitamtafutia fundi mwingine."

Fundi alibandua sementi kwa patasi, taratibu, na ile sakafu ikaanza kushuka. Siku mbili ilikuwa ikitoa milio midogo kama mtu anayejinyoosha, mpaka ikalala sawa. Nimeona mengi, ila kitu kama kile sijakiona tena. Kisha akanifundisha kingo. Miguu ya fremu ya mlango aliikata chini kwa msumeno ili mbao ijiingize. Skatingi akaipigilia ukutani, msumari haukugusa sakafu. Kwenye pembe alikata mshazari, vipande vikakutana mpaka nikapapasa kiungo kwa kidole nisikipate. Nyumba aliyofukuzwa, na aliimaliza kama ya mama yake mzazi.

Nyamwi nilipewa, ndiye bibi yenu. Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: ukilaza sakafu hizi acha nafasi pande zote, hata mlangoni, na skatingi uishikize ukutani, siyo kwenye mbao. Kazi usiyoijua usiisahihishe kwa ile uliyoizoea, uliza kwanza. Na ukiulizwa nani kafanya, sema ni mimi, papo hapo, hata kama mchumba anasikiliza. Mungu akujalie mikono yenye subira, na mdomo unaofunguka kwa wakati wake.

Siku ile Mzee Rajabu alipomaliza kazi, nilimbebea mfuko wa zana hadi barabarani, nikiyapanga maneno ya kuomba radhi kichwani.

"Fundi," nikaanza.

Akaupokea mfuko wake. "Mwambie binti asipige deki kwa maji mengi," akasema. Akavuka barabara, akashika njia ya Itigi kwa miguu, wala hakugeuka. Mkiwa hakukanyaga tena.