Asidi Niliyoiita Dawa

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, nikiwa karani wa mizigo katika stesheni ya Nakuru. Nilikuwa kijana mwenye kalamu mfukoni na maringo mengi, maana kati ya wenzangu wa zamu ile ni mimi peke yangu niliyejua kusoma Kiingereza.

Tulikuwa tumepakia chupa kubwa za asidi za kwenda Kisumu. Kila chupa ilikalishwa ndani ya kikapu chenye nyasi kavu, isije ikavunjika. Sheria ilitaka gadi, yaani msimamizi wa treni, aelezwe waziwazi habari ya mzigo wa namna hiyo. Njia ya kupanda Mau ilipita ndani ya handaki, na moshi wa asidi ukikukuta humo hauna pa kutokea. Karatasi ya onyo niliisoma mimi mwenyewe.

Gadi siku hiyo alikuwa Kiprono, mtu wa Molo, rafiki yangu tuliyezoea kula sahani moja. Akaniuliza behewa lile limebeba nini. Chai yangu ilikuwa inapoa.

"Ni dawa tu," nikamwambia. "Panda muende."

Unajua tunavyolitumia neno hilo. Ya malaria ni dawa, ya kuogeshea ng'ombe ni dawa, hata ya panya ni dawa. Sikusema uongo. Ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa miaka mingi, na utetezi huo unanitia aibu mpaka leo.

Ndani ya handaki chupa moja ilipasuka na nyasi zikaanza kuungua. Kiprono alipoona moshi ukitoka kwenye behewa, akasimamisha treni papo hapo. Angejua ni asidi, angeiacha treni itoke kwanza handakini, kwenye hewa. Badala yake alifungua mlango, akaingia, akaanza kutoa vikapu kwa mikono mitupu. Dereva na mwenzake walimkokota hadi nje akiwa hajitambui.

Nilimkuta hospitalini Nakuru, amefungwa mikono yote, sauti imekwisha. Nilidhani atanilaumu. Ilinibidi niinamishe sikio ndipo nimsikie.

"Nilijua ni dawa ya hospitali," akasema. "Nikaona wagonjwa wataikosa."

Alifariki siku ya tatu. Ofisini waliponiuliza kama nilimweleza gadi kuhusu mzigo, nikajibu ndiyo, nilimweleza. Wakaandika kwamba kosa lilikuwa lake, na mkewe akasomewa hivyo. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikisikia kila neno. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili kabla ya leo.

Jumatatu unaanza kazi kwenye stoo ya shamba la maua huko Naivasha, na nasikia utakuwa unatoa mapipa ya dawa. Mtu akikuuliza pipa lina nini, mtajie jina lake hasa. Mwambie linafanya nini machoni na kifuani, na likimwagika akimbilie wapi. Asiyejua kusoma, msomee, kisha umwombe akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake. Na ukikosea, kubali siku hiyo hiyo, wakati mwenye kustahili kuombwa msamaha bado anakusikia.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie macho na pumzi zako, na kila utakayemkabidhi mzigo arudi kwa watoto wake akiwa mzima.