Shimo la Mdogo Wangu

Ninapozikumbuka asubuhi za Nyabiyonza, ukungu ndio unaotangulia. Ulilala juu ya kibanja, shamba letu la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, na ukisimama mlangoni uliona vichwa vya migomba tu, kama vile vinaelea.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mdogo wangu wa mwisho alitimiza miaka miwili bila kusimama. Alikuwa mnene, mtulivu, macho yake yakifuata kila kitu. Mama alimbeba hadi zahanati, akarudi na jibu fupi: miguu haina ugonjwa, imelegea tu, achezeshwe.

"Achezeshwe vipi, na hasimami?" mama alimuuliza bibi, mama yake baba.

Bibi alichukua jembe, akachimba shimo pembeni mwa uwanja, akalitandika nyasi kavu, akamsimamisha mtoto humo. Udongo ukamshika kiunoni.

"Ndivyo nilivyomsimamisha baba yao," alisema. Kisha akatugeukia. "Ninyi chezeni hapa hapa, awaone."

Tukacheza rede. Dada zangu wawili walisimama huku na huku wakirusha mpira tulioufunga kwa majani makavu ya mgomba, nami katikati nikikwepa huku nikijaza mchanga kwenye kopo. Mdogo wangu alituangalia toka shimoni, mikono juu ya ukingo, akiinama tulipoinama. Mpira ulipomwangukia aliukumbatia, akakataa kuuachia, na dada akalazimika kumbembeleza. Kesho yake alijifunza kuurusha. Siku zikapita hivyo, mama akianika kahawa kwenye mkeka, harufu yake tamu na nzito ikitulevya kidogo sote. Sijui zilikuwa wiki ngapi. Katika kumbukumbu yangu ni mchana mmoja mrefu usiokwisha.

Halafu mpira ukaangukia mbali naye, hatua tatu hivi. Alijivuta kwa mikono, akatoka shimoni kwa tumbo, akakaa. Akaweka viganja chini, akainua makalio, akasimama. Hakushika chochote.

Mama aliacha kugeuza kahawa. Nilitaka kupiga kelele, ila bibi aliwahi.

"Msimwite," alisema taratibu. "Mkimwita atakaa. Endeleeni kucheza."

Tukaendelea bila mpira. Dada alirusha mkono mtupu, nami nikakwepa hewa, shingo yangu ikiuma kwa hamu ya kugeuka. Nilisikia majani makavu yakivunjika chini ya nyayo ndogo, yakanyamaza, yakavunjika tena. Nilipotazama kwa kuibia, alikuwa ameufikia mpira na anautazama tu, asijue namna ya kuinama bila kuanguka.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Alimwambia bibi, "Asante, mama," akarudi kwenye kahawa yake.

Mvua zilipokuja, mdogo wangu alikuwa akicheza nasi katikati. Alikimbia akiyumba kidogo, na kwa ule ufupi wake hakuna aliyeweza kumpiga kwa mpira.