Siku Niliyonasa Dirishani Mbele ya Wifi

Ulikuwa mwaka ule tuliokula makande yasiyo na maharage, maana mvua iliozesha maharage yote hapa Mogitu ila mahindi yakazaa mpaka tukakosa pa kuyaweka, na mimi nikapanga magunia kwenye mlango wa nyuma hadi darini, ndipo nikapata aibu ambayo naisema mwenyewe kabla wifi yangu Paskalina hajaisema kwa chumvi yake.

Mwalimu mmoja wa kike, kaletwa kwetu kutoka Tanga, alitufundisha kwenye kikao cha wazazi kwamba nyumba ikiungua kila mtu awe na njia mbili za kutoka, atambae chini ya moshi, aache mali, na wote wakutane mahali pamoja wahesabiane. Paskalina akaenda kuwazoeza watu wake, na kikao kilichofuata akasimamishwa akapigiwa makofi (na kile kilemba chake kipya). Roho iliniuma kama nimemeza mwiba. Kurudi nyumbani, mkwe wangu Magdalena akayatazama magunia, akasema, "Mama, tumebaki na mlango mmoja. Watoto wawe wanalala kwa shangazi Paskalina mpaka tuyatoe."

Nikamjibu, "Wajukuu wangu hawalali kwa Paskalina."

Basi nikaamua kumzidi. Yeye alizoeza bila moshi, mimi nitaweka moshi wa kweli. Jumamosi mchana nikamwalika mwalimu, nikamwalika na Paskalina (hasa yeye), nikavaa sweta, vitenge viwili na shuka juu, nikaweka jiko la magunzi mabichi kwenye mlango wa mbele, nikagonga sufuria.

Wajukuu wote wanne wakatambaa, wakatoka kwa dirisha la chumbani, yule mdogo akinyanyuliwa na dada yake, wakaenda kusimama zizini. Nikafuata mimi. Kichwa kikapita, mabega yakapita, makalio yakagoma. Nusu yangu inakohoa nje, nusu inafukizwa ndani, na watoto kule zizini wanahesabiana kwa sauti kwamba bibi hayupo (na wananiona!). Mwalimu akaja mbio, akakumbuka adabu, akapiga goti, "Shikamoo bibi." Nikaitika marahaba nikiwa nimening'inia.

Aliyenivuta ni Paskalina. "Wifi, ulifundishwa kuacha mali," akasema, huku ananivua shuka na kitenge kimoja mbele ya majirani wote, nikadondoka kama ndama anayezaliwa.

Nilikaa chini nakohoa, nikamwangalia yule mdogo. Je, dada yake angekuwa shuleni, nani angemnyanyua?

Jioni ile ile magunia yakaondoka, na ghala lenye nafasi lilikuwa moja tu, la nani, unajua. Siku hizi mlango ule siuwekei hata kigoda, na magunzi ndani ya nyumba siwashi tena mpaka nife. Gunia la mwisho lilipopanda mkokoteni wa punda, Paskalina akanigeukia, "Wifi, mahindi yako yamekubali kulala kwangu. Na watoto je, leo tu?"

Nikamjibu, "Wajukuu wangu hawalali kwa Paskalina."